Barua kwa mwanangu: usilipie kiwanja hicho kabla hujachimba shimo

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Baba yako hajambo, goti limepungua kuuma tangu abadilishiwe dawa. Mdogo wako ameanza mitihani ya majaribio na anasoma mpaka usiku. Sote wazima. Wasiwasi wangu ni kwako.

Kaka yako ndiye aliyenipa habari za kiwanja unachotaka kununua chini ya mlima Hanang. Nilitamani nizisikie kwako kwanza, lakini hilo tuliache. Picha nimeziona: ile tambarare ya kijani, mlima kwa nyuma, kijito pembeni, na wewe umesimama katikati umeshika kamba ya kupimia. Najua umefikaje hapo. Wenzako mshahara wa kwanza wanaumalizia kwenye simu na nguo, wewe umefikiria ardhi. Nimejivunia, na majirani nimewaambia.

Ila usilipe. Usitoe hata malipo ya awali, usisaini karatasi yoyote kwa mwenyekiti wa kitongoji, mpaka umesoma barua hii yote na umefanya ninayokuagiza. Kwenye simu tunakatana maneno, na baba yako anasema juzi nilikuwa mkali kupita kiasi. Huenda. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Ardhi iliyo tambarare chini ya mlima mkali, mbele ya mdomo wa korongo, kuna kitu kiliifanya iwe tambarare. Kitu hicho bado kipo juu mlimani. Hilo ndilo neno langu, na nitalirudia.

Anza na mlima wenyewe. Umekulia chini ya Uluguru, na naona unauangalia Hanang kwa macho ya Uluguru. Hiyo si milima ya aina moja. Uluguru, kama Usambara na Upare, ni miamba ya kale mno. Ilichomwa na kukandamizwa chini kabisa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ikaja kuinuliwa vipande vipande: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukapanda, mwingine ukashuka. Rwenzori kule mpakani mwa Uganda na Kongo nayo ni hivyo hivyo, inafika mita 5,109 na wala si volkano. Himalaya ina asili nyingine tena. Kule bara Hindi lilisukumana na Asia, matabaka yakakunjamana na kupandiana, hata mawe ya kilele cha Everest yana mabaki ya viumbe wa baharini.

Hanang haukuinuliwa wala haukukunjwa. Ulirundikwa. Mlima uliorundikwa una udhaifu wake, ambao dalali hawezi kukuambia.

Afrika Mashariki inachanika. Upande wa mashariki, ambao wataalamu wanauita bamba la Somalia, unajitenga na sehemu kubwa ya bara kwa milimita chache kila mwaka. Ganda la dunia linavutwa, linakonda, linapasuka kwa nyufa ndefu, na sehemu ya katikati inazama. Ndiyo Bonde la Ufa. Watu wengi wanadhani bonde lile lilichimbwa na mto. Angalia Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mkono wa magharibi wa bonde hilohilo: kina chake kinafika karibu mita 1,470, na uso wa maji uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Toa, utaona sakafu ya ziwa iko mita 700 hivi chini ya bahari. Mto hauwezi kuchimba shimo la namna hiyo, kwa sababu maji hayatiririki kwenda chini kuliko bahari yanakomwagikia. Sakafu ndiyo iliyozama. Hapo ulipo ukuta huo unauona kwa macho, ukisimama kando ya Ziwa Balangida na kuangalia juu.

Sasa, ganda likikonda, mzigo ulio juu ya miamba ya chini unapungua. Miamba ile ina joto la kutosha kuyeyuka siku zote. Kinachoizuia ni mgandamizo. Mgandamizo ukilegea, sehemu yake ndogo inayeyuka. Uji huo ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo unapanda kwa kufuata nyufa zilezile. Ndiyo sababu volkano zetu zimepangana kwenye Bonde la Ufa na pembezoni mwake: Kilimanjaro, Meru, Ngorongoro, Oldoinyo Lengai, Kwaraha pale Babati, na huo Hanang wako, wenye zaidi ya mita 3,400, ulio mwisho upande wa kusini katika hizo nilizotaja.

Zingatia hapa, maana ndipo kiwanja chako kinapoingia. Volkano ya aina hii haitoi zaha, yaani uji wa mawe uliofika nje, peke yake. Mlipuko mmoja unatoa zaha, unaofuata unatoa majivu, mwingine unarusha mawe yaliyovunjikavunjika. Zaha ikipoa inakuwa jiwe gumu lenye nyufa nyingi. Majivu ni laini, na mvua ya maelfu ya miaka inayageuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Matabaka hayo hayakulala sawa. Yameinama kuelekea nje, kufuata mteremko: jiwe gumu juu ya udongo laini, juu ya jiwe gumu tena, na yote yameinamia upande wanakokaa watu. Maji ya mvua yanapenya kwenye nyufa za zaha mpaka yanakutana na mfinyanzi. Hapo hayapiti. Yanajikusanya.

Fanya hesabu ndogo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye ekari moja ni tani 200 za maji. Sasa fikiria mgongo mzima wa mlima, wiki tatu mfululizo. Na uzito si tatizo kubwa zaidi. Maji yakijaa kwenye vinyweleo vya udongo yanazisukuma chembe zisigusane sawasawa, na kusuguana kwa chembe hizo ndiko kulikokuwa kunaushikilia mteremko. Ndiyo maana mteremko uliosimama miaka mia tano unaweza kuachia usiku mmoja, bila tetemeko, bila moshi, bila volkano kuamka.

Ndivyo ilivyokuwa hapo Hanang alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Serikali ilieleza baada ya wataalamu kukagua: haikuwa volkano wala tetemeko, ni sehemu ya mlima iliyokuwa na miamba laini ikanyonya maji, ikamomonyoka na kushuka kama tope. Lilifika Katesh, Gendabi, Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wewe unaowafunga vidonda na kuwapima presha leo, wengine wao walifiwa asubuhi ile. Usiwahoji. Lakini mtu akikusimulia kwa hiari yake, sikiliza tope lilipita wapi na likasimama wapi, kisha ulinganishe na kamba yako ya kupimia.

Utajibu kwamba lile lilishatokea, mlima umeshatua mzigo wake. Kaka yako amenijibu hivyohivyo. Haliko hivyo. Kipande kilichoachia kimeacha ukuta mpya uliosimama wima zaidi juu yake, na pembeni kimeacha mawe na udongo uliolegea ndani ya korongo lote. Mvua kubwa zinazokuja zina kitu cha kubeba. Na mlima una makorongo mengi. Hilo lililo nyuma ya kiwanja chako si lazima liwe limeshatoa lake.

Korongo lenyewe linasema umri wake ukiliangalia kwa umbo. Mto ukiwa bado unachimba chini kwa nguvu, kingo zinadondoka pande zote mbili na bonde linakuwa na umbo la V. Kwenye milima iliyowahi kubeba mito ya barafu, kama Rwenzori na Kilimanjaro sehemu za juu, utaona mabonde yenye umbo la U, sakafu pana na kuta zilizosimama, kwa sababu barafu inakwangua pande zote kwa pamoja. Korongo lililo kwenye picha yako ni V kali, tena nyembamba. Maana yake kazi bado inaendelea. Kila jiwe linalotoka mle lina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo inafunguka mbele ya kiwanja.

Tope la mlimani si mafuriko ya kawaida. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Mita moja ya ujazo ya tope zito ni karibu tani mbili. Jiwe la ukubwa huohuo ni kama tani mbili na nusu au zaidi kidogo. Ndani ya tope jiwe linapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, ndiyo maana tope linabeba mawe ambayo mto wa maji ungeyaacha palepale. Mawe makubwa yanasukumwa mbele na pembeni, tope laini linafuata nyuma. Mwendo wake unaweza kumshinda mtu anayekimbia.

Tope likiwa ndani ya korongo limebanwa na kingo, linakimbia. Likifika mdomoni, mteremko unapungua na kingo zinaisha, basi linatawanyika na kusimama, kama mahindi yanavyomwagika kutoka mdomo wa gunia. Linalokuja baadaye linakuta njia ya mwanzo imejaa, linapinda kushoto au kulia. Ukirudia hivyo kwa maelfu ya miaka unapata kile ulichokipenda: ardhi pana, imeinama taratibu, udongo wenye rutuba, maji karibu. Ndiyo maana usitulizwe na neno la muuzaji kwamba kijito kiko mita 80 kutoka kwenye mpaka. Kwenye ardhi ya namna hii kijito hakina makazi ya kudumu. Leo kiko mita 80. Kikijaza mawe kwenye mkondo wake, kinahama kwa saa moja.

Sasa sikia cha kufanya. Usifanye peke yako. Mchukue mtu wa pale mwenye sururu na chepe, umlipe siku nzima.

Chimbeni mashimo mawili, moja upande wa mlimani na jingine upande wa chini, nje kidogo ya pale unapotaka kujenga, ili usije ukajenga juu ya udongo uliolegezwa. Upana mita moja kwa moja na nusu, kina mita moja na nusu. Ukuta mmoja uwe wima na msafi, uukwangue kwa panga. Shimo likishapita kifua, mtu asiingie kuinama ndani yake, maana udongo wa kumwagwa unabomoka ghafla. Angalieni kutoka juu, au mchonge ngazi upande mmoja. Jioni mfukie, ng'ombe wa watu wasivunjike miguu.

Kwenye ukuta huo utaona moja kati ya mambo matatu. Ukiona matabaka yaliyopangika, mchanga peke yake, changarawe peke yake, mawe yaliyoviringika yakilingana ukubwa, hayo ni maji ya mto. Si mazuri, lakini mafuriko yake huwa na kipimo. Ukiona mawe makubwa kwa madogo yamechanganyika, yenye kona kali, yamezama ndani ya udongo mzito bila mpangilio wowote, hayagusani, hilo ni tope la mlimani lililoganda pale liliposimama. Hapo hakuna mjadala, usinunue. Na ukiona udongo mwekundu usio na mawe ya kigeni, unaozidi kuwa mgumu kadiri unavyoshuka mpaka unafika kwenye mwamba uliooza mahali pake, na bado unaiona mistari ya mwamba wa asili, hiyo ni ardhi iliyozaliwa hapohapo, haikuletwa.

Kuna kitu kimoja wengi hawakioni. Katikati ya mchanganyiko wa mawe unaweza kukuta ukanda mwembamba mweusi, wenye vimizizi au mkaa. Huo ni udongo wa juu wa zamani, watu au miti walikaa juu yake, kisha ukafukiwa. Kila ukanda mweusi ni kipindi cha utulivu kilichofuatwa na tope. Ukiona miwili ndani ya mita moja na nusu, umeshapata jibu: mahali pale pameshafukiwa zaidi ya mara moja. Piga picha ukiwa umesimamisha rula au tepu pembeni. Picha isiyo na kipimo hainisaidii kitu.

Chukua udongo wa kila tabaka, gumba moja tu, ulowanishe na uuviringishe kwenye kiganja. Ukiweza kutengeneza uzi mwembamba wa milimita 3 usiokatika, ni mfinyanzi. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi au vumbi la majivu. Njia nyingine ni chupa ya maji inayoonekana ndani: jaza theluthi moja ya udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache isimame mezani. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja, vumbi laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kubaki ukielea mpaka kesho yake. Pima unene wa kila tabaka. Hata kama hununui, maarifa hayo utayatumia siku ya kujenga, kwa sababu mfinyanzi mwingi unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba inapasuka kutoka kwenye kona za madirisha.

Kisha pima mwinamo. Kamba, vijiti viwili, na chupa yenye maji nusu ikuonyeshe usawa. Ardhi ikishuka mita moja au mbili kwa kila mita 100, kwa kawaida imetandazwa na maji. Ikishuka mita 7 mpaka 10 kwa kila mita 100 mbele ya mdomo wa korongo, tope ndilo lililoitandaza. Kwa picha ile mimi nakisia iko karibu na 8, lakini picha zinadanganya, ndiyo maana nataka kipimo.

Siku nyingine, kukiwa kumekauka, pandeni korongo lenyewe. Si la kupanda baada ya mvua hata kama jua linawaka bondeni. Angalia kingo: kuna matuta ya mawe yamejipanga pande mbili za mkondo? Tope linayaacha hivyo likipita. Kuna miti yenye makovu upande wa juu ya mlima, mita moja au mbili kutoka chini? Imegongwa na mawe. Mashina yaliyopinda shinani kisha yakanyooka yanaonyesha udongo unatambaa polepole. Nyufa za upinde juu ya mteremko, hata za upana wa vidole viwili, ni mbaya kuliko yote, kwa sababu maji yanaingia moja kwa moja kwenye sehemu inayotaka kuachia. Ukiziona, shuka ukamwambie mwenyekiti wa kijiji, maana hapo si suala la kiwanja chako tu.

Angalia pia karavati na matuta ya barabara yaliyo juu ya kiwanja. Mai Mahiu kule Kenya, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, magogo, mawe na tope viliziba njia ya maji chini ya tuta la reli. Maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likaachia kwa mkupuo, na watu walikuwa wamelala. Karavati dogo kwenye korongo kubwa linaweza kugeuka bwawa bila mtu kulijenga.

Muuzaji amemwambia kaka yako kwamba mlima una msitu, na miti inashika ardhi. Ni kweli nusu. Mizizi inashika udongo wa juu, mita moja au mbili. Huku kwetu Mgeta, Februari 1970, mvua ya saa chache ilileta maporomoko zaidi ya 1,000, na karibu yote yalitokea kwenye mashamba na nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Lakini yale yalikuwa maporomoko ya juujuu. Mlima ukiachia kwa kina, kwenye tabaka la mfinyanzi lililo chini ya mizizi, msitu wote unashuka nao, na magogo yale yanageuka nyundo. Kwa hiyo anayekata miti pale anaharibu, na anayedhani miti inatosha naye amekosea.

Sitaki uelewe kwamba nakukataza kukaa Hanang. Nisingependa kabisa watu wa pale wakose nesi. Kaka yako anasema kuna kiwanja kingine, kule kwenye mgongo upande wa barabara kuu, kidogo, bei juu, hakina maji. Hicho ndicho ukikague. Mgongo kati ya makorongo mawili ni mahali ambapo tope halipandi. Kuhusu maji usiogope: nyumba ya mita 6 kwa 10 ina paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 ni lita 3,000 juu ya bati, na ukipoteza theluthi kwa michirizi na kumwagika unabaki na lita 2,000. Tenki moja linajaa kwa mvua moja nzuri. Tenki hilo mimi na baba yako tutalinunua. Tumeshakubaliana, usibishe.

Hata mgongoni kuna makosa ya kuepuka. Usikate mteremko wima ili upate uwanja mpana wa gari ambalo bado huna. Ukilazimika kukata, ukuta wa udongo usizidi mita moja na nusu, uukinge kwa mawe yaliyojengwa kwa saruji, na uache matundu ya maji kila mita moja na nusu. Ukuta usio na matundu unabeba maji nyuma yake mpaka unalala. Shimo la choo lisiwe ukingoni mwa mteremko. Maji ya bati yasimwagwe ukingoni. Yapeleke kwenye mfereji uliosakafiwa mpaka chini. Na kwa kuwa uko ndani ya Bonde la Ufa, ardhi inayoendelea kuchanika, fundi asikuambie mkanda wa zege ni anasa. Mbulu ilitikiswa na tetemeko kubwa Mei 1964, na siyo mbali na hapo. Mkanda juu ya msingi na mwingine juu ya madirisha, nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, na nondo zipinde kwenye kona zishikane, zisikatiwe pale.

Halafu chumba ulichopanga sasa. Hilo hukuniambia kiko upande gani wa kijito. Vuli inaanza karibuni. Weka kopo la pande zilizonyooka mahali pa wazi, upime kwa rula kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mvua ya siku moja haisemi kama mvua ya wiki mbili zilizotangulia. Usiku ukisikia ngurumo isiyokatika inayotoka mlimani, au harufu ya udongo mbichi na miti iliyovunjika, au kijito kikapungua ghafla wakati mvua inaendelea, kimezibwa huko juu. Usichukue begi. Usikimbie kufuata bonde kushuka. Kimbilia pembeni, upande unaopanda, na usirudi kwa sababu tope la kwanza limepita. Mara nyingi yanakuja kwa mafungu. Ukihama chumba hicho kabla ya Novemba nitalala vizuri zaidi, na kodi iliyobaki isikuzuie.

Mengine ya nyumbani. Shangazi yako anaozesha mwezi wa kumi na mbili, mchango wako kamati wameuandika laki moja, nimewaambia waupunguze kwa sababu una jambo la ardhi; wamenuna kidogo lakini wamekubali. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Baba yako anataka kumuuza yule dume ili alipie ada ya muhula wa pili, mimi nimesema asubiri mpaka bei ya Desemba. Bati la jikoni limetoboka tena upande uleule. Blanketi lako zito nimelifua, nitalipeleka stendi Jumatano pamoja na unga wa lishe na zile sandali ulizosahau. Nitakutumia namba ya basi na jina la kondakta. Katesh kuna baridi, na najua huvai sweta mpaka ukohoe.

Dalali akikusukuma kwamba kuna mteja mwingine anakuja Jumatatu na pesa taslimu, mwambie amwuzie. Kiwanja ambacho hakisubiri shimo la mita moja na nusu hakikufai.

Nitumie picha za mashimo yote mawili, kila moja ikiwa na rula pembeni, na namba za mwinamo. Ukishindwa kumpata mtu wa kuchimba Jumamosi hii, kaka yako yuko tayari kupanda basi Ijumaa usiku. Nauli nimeshampa.

Ni mimi mama yako